Bi mkubwa ana miaka 66 na kisukari, anataka kwenda Nairobi kulea mzazi: basi, ndege au asubiri?

kijana_wa_tabata, Jumatatu 6 Septemba 2021 (masharti yote ya Uviko, kafyu na mipaka yanayotajwa humu yalikuwa ya wakati huo)

Wakuu, salaam. Dada yangu amejifungua Nairobi tarehe 29 Agosti, uzazi wa kwanza, na bi mkubwa ameshaanza kufunga mabegi kwenda kumlea. Taarifa zake ni hizi: miaka 66, kisukari cha kuchoma insulini asubuhi na jioni, presha ya vidonge. Amechanjwa chanjo ya Uviko ya Janssen tarehe 10 Agosti. Pasipoti ya Afrika Mashariki anayo, kadi ya manjano anayo ya mwaka 2017.

Anataka kutoka Dar Alhamisi tarehe 23 Septemba na kukaa mwezi mmoja. Anataka pia mjukuu wa miaka 9 amsindikize. Mimi naweza kumfikisha Arusha au hata Namanga, lakini kuvuka siwezi, kazi hairuhusu.

Naomba ushauri kwa vitu vinne. Kwanza, je, aende kweli au asubiri? Pili, basi au ndege? Tatu, kipimo cha Uviko apime siku gani ili cheti kisimfie njiani? Nne, mambo ya kurudi. Naona watu wengi wanaeleza ya kwenda tu.

—

basi_la_asubuhi

Mkuu, nianze na barabara maana hiyo ndiyo inayoamua mengine.

Dar hadi Nairobi kwa Namanga ni kama kilomita 900. Basi linatoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis saa 12 asubuhi, mwendo wa basi ni kilomita 80 kwa saa na king'amuzi cha mwendo kinamwangalia dereva, kuna mizani, kuna chakula Korogwe au Mombo, kuna kushusha Moshi na Arusha. Namanga unafika giza limeingia. Ukichelewa kidogo pale mpakani, Nairobi utaingia baada ya saa 4 usiku, na Kenya kafyu bado ipo, saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri. Basi likichelewa, abiria wanaweza kujikuta wanalala ndani ya gari, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya Nairobi. Kwa mama wa umri huo hapo ndipo hatari ilipo, kuliko hata safari yenyewe.

Kwa hiyo kama ni barabara, igaweni mara mbili. Alhamisi Dar hadi Arusha, mlale. Ijumaa saa 2 asubuhi apande shato (basi dogo) ya Arusha–Nairobi. Arusha hadi Namanga ni kilomita 110 hivi, saa 4 mko mpakani, Namanga hadi Nairobi 165 hivi, saa 8 au 9 mchana yuko kwa binti yake, jua linawaka.

Ndani ya basi: viti vya mbele upande wa dirisha, dirisha lifunguliwe sentimita chache, na la nyuma yake pia ili hewa ipite. Basi lenye kiyoyozi na vioo visivyofunguka ndilo baya zaidi kwa jambo hili, hata kama ndilo la bei kubwa, maana mara nyingi hewa inazungushwa ile ile. Hii leveli siti inayotangazwa inawaondoa waliosimama tu, aliyekaa pembeni yako yuko pale pale sentimita 40. Kama mfuko unaruhusu, lipeni siti mbili, ya pembeni yake iwe ya begi.

Kipimo, apime Jumatatu tarehe 20 mchana, apate majibu mapema akae na amani.

—

mpakani_namanga

Hapo kwenye Jumatatu nakataa, basi_la_asubuhi. Mengine yote uko sawa.

Kenya wanataka cheti cha PCR, kile kipimo cha Uviko cha maabara, kisichozidi saa 96. Watu wanakosea kuhesabu, wanaanza na saa ya kutolewa majibu. Saa inaanza pale kijiti kilipoingia puani, na cheti kinaandika tarehe na saa ya kuchukua sampuli. Jumatatu saa 9 mchana hadi Ijumaa saa 4 asubuhi ni saa 91. Umebakiwa na saa 5 tu. Shato ikipata pancha Longido, au foleni ya malori ikiwa ndefu, mama yuko nje ya muda.

Jumanne tarehe 21 saa 2 asubuhi ndiyo sahihi. Hadi Ijumaa saa 4 ni saa 74, mna saa 22 za akiba. Majibu kwa kawaida yanatoka ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo yategemeeni Jumatano jioni, na mwisho kabisa Alhamisi saa 2, wakati basi limeshaondoka. Mkate shauri mapema: Jumatano saa 3 usiku kama majibu hayajaingia, hakuna kupanda basi Alhamisi, mnasogeza siku moja. Zile saa 22 zinakaribia kubeba siku hiyo, mradi Jumamosi saa 2 asubuhi iwakute mmeshafika Namanga. Maana yake siku hiyo ya pili mtafute usafiri wa kuondoka Arusha alfajiri, au mpime upya.

Utaratibu wa kupima kwa msafiri uko kwenye mfumo wa Pima Covid wa Wizara ya Afya. Unajaza fomu, unachagua kituo, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unakwenda kituoni na pasipoti na risiti. Sampuli za Dar zinakwenda Maabara ya Taifa Mabibo. Mambo yanayoharibu hapa ni madogo madogo:

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mama zetu wana majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye kitambulisho cha kura. Namba ya pasipoti nayo iangalieni, O na 0 zinachanganywa sana. Kosa likionekana mkiwa bado kituoni linasahihishwa dakika tano, likionekana mpakani ni siku nzima.

Cheti kina msimbo wa mraba wa kuskani. Kabla ya kuondoka Dar, uskani kwa simu yako mwenyewe uone unafungua majibu yaleyale. Kisha chapisha nakala mbili za karatasi. Simu ya mama itaisha chaji Mombo, hilo lihesabuni kama limeshatokea.

Kwenye kituo cha pamoja cha Namanga, anayekwenda Kenya haanzi jengo la Tanzania. Anapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, na humo ndani anagongewa kutoka na kuingia. Dawati la kwanza ni la afya, kabla ya uhamiaji: cheti cha PCR, kadi ya manjano, joto la mwili. Kadi yake ya 2017 ni ya maisha, tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi zote za homa ya manjano hazina mwisho. Asikubali mtu kumwambia imebakiza miaka michache alipie mpya.

Joto lisizidi 37.5. Mama akishuka kwenye gari la moto akatembea juani na shungi jeusi, kile kipimo cha paji la uso kinaweza kusoma juu bila homa yoyote. Akae kivulini dakika 10 au 15, anywe maji, ndipo aende dawatini.

Fomu ya afya ya Kenya, ile ya Jitenge, ijazwe mtandaoni akiwa Arusha Alhamisi usiku. Intaneti ya mpakani isitegemewe.

Wale vishoka watakaomfuata getini wakisema wanamsaidia kupita haraka, na wenye mabulungutu ya shilingi za Kenya mkononi, awapite. Fedha abadilishe dukani au kwenye benki.

—

mzee_wa_kazi

Mnajisumbua sana. Cheti kinapatikana bila kuchokonolewa pua, elfu kadhaa tu. Na mama apige nyungu siku mbili, hata akipimwa anatoka hasi.

—

mpakani_namanga

mzee_wa_kazi, ule msimbo unafungua kumbukumbu za maabara. Cheti cha mtaani kikiskaniwa kinafungua ukurasa mtupu, au kinafungua jina la mtu mwingine kabisa. Hiyo ni kesi ya kughushi katika nchi ya watu, na anayewekwa benchi ni bibi wa miaka 66 mwenye sindano za insulini. Usimpe mtu ushauri huo.

—

nesi_wa_zamu

Kuhusu nyungu: mvuke unafungua pua, basi. PCR inatafuta vinasaba vya kirusi ndani kabisa nyuma ya pua, mvuke hauvifuti. Na maji ya moto yanaunguza watu wazima kila siku, mwenye kisukari hasa, maana kidonda chake hakiponi upesi.

Sasa swali la kwanza la kijana_wa_tabata, ambalo naona limerukwa. Je, aende?

Kile cheti ni cha afisa wa mpakani. Kwa mtoto mchanga hakina maana kubwa, na sababu ni hesabu. Mama anapimwa Jumanne, anakutwa hasi. Alhamisi anakaa saa 10 na zaidi kwenye basi na watu 50. Akiambukizwa humo, kwa hiki kirusi cha Delta kinachozunguka sasa, dalili huanza wastani wa siku 4 baadaye, na anaanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya dalili. Yaani Jumamosi au Jumapili, wakati amemkumbatia mjukuu anamwimbia, na karatasi ya "hasi" iko mkobani.

Mtoto akifika mkononi mwake atakuwa na siku 26. Watoto wengi wachanga hupata Uviko mwepesi, lakini homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa umri huo ni dharura kila mara, kwa sababu haiwezi kutofautishwa kwa macho na maambukizi ya bakteria kwenye damu. Atalazwa, atachomwa dawa za mishipani, pengine atatolewa maji ya uti wa mgongo kupimwa. Hata kama mwisho wa yote ilikuwa ni Uviko mwepesi tu.

Upande wa mama mwenyewe: Janssen kwenye majaribio ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 85, siku 28 baada ya sindano. Alichanjwa tarehe 10 Agosti, kwa hiyo tarehe 7 Septemba anazitimiza. Vizuri sana. Inazuia kuugua sana kuliko inavyozuia kuambukizwa, hilo msilichanganye. Na kisukari kisichodhibitiwa kinaongeza hatari kubwa. Kwa hiyo kigezo changu ni kimoja: apime sukari asubuhi kabla ya kula siku saba mfululizo, kuanzia kesho, na aandike. Zikiwa kati ya 4.4 na 7.2 (mmol/L) siku nyingi, na presha iko chini ya 140/90, namruhusu kwa moyo mweupe. Zikiwa zinapanda 12, 13, asiende sasa. Aonane na daktari, dozi irekebishwe, aende mwishoni mwa Oktoba. Mzazi atalelewa na mtu mwingine kwa wiki chache, na mtoto atakuwa amevuka huo mwezi wa kwanza mgumu.

Mjukuu wa miaka 9 mwacheni Dar. Hawezi kumsaidia bibi kitu mpakani, hajachanjwa, anahitaji PCR yake mwenyewe kwa gharama ileile, na anahitaji barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu anavuka mpaka bila mzazi. Na shule je? Tafuteni mtu mzima, au mama asafiri peke yake kwa ndege.

Vitu vya kubeba, na sivyo vya begi kubwa bali vya mkobani:

Insulini ya siku zote alizopanga, ongeza siku 14. Siku 30 inakuwa siku 44. Hizo 14 ni za kukwama, akikutwa na maambukizi wakati wa kurudi. Vivyo hivyo vidonge vya presha, sindano, na vijiti vya kipimo cha sukari. Insulini isiwekwe buti la basi, chini kule joto linapanda sana. Iwe kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Barafu isiiguse, insulini ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Kichupa kilichofunguliwa huvumilia wiki 4 hivi chini ya nyuzi 30. Barua ya daktari inayotaja sindano na dozi, moja tu yatosha.

Barakoa: KN95 mbili za kubana vizuri kwa safari nzima ya kwenda, na za upasuaji 6 za akiba. Ikilowa, inabadilishwa. Barakoa ya kitenge ni nzuri kwa sokoni, kwa saa 10 za basi haitoshi. Ajaribu hivi: avae, apumue kwa nguvu, akihisi upepo machoni basi waya wa puani haujabanwa. Kitakasa mikono kiwe cha alkoholi asilimia 60 au zaidi, kile cha majimaji yenye harufu ya ndimu kisichoandikwa asilimia ni manukato tu.

Chakula asile ndani ya basi. Gari likisimama, ashuke, akae mbali, ndipo avue barakoa ale. Na kwa sababu anachoma insulini, asije akaruka mlo kwa kuogopa kuvua barakoa. Sukari ikishuka njiani ni hatari ya dakika 20, Uviko ni hatari ya wiki mbili. Awe na biskuti na juisi ya boksi mfukoni.

—

kijana_wa_tabata

Nesi, asante sana, sukari tunaanza kuandika kesho asubuhi. Mjukuu ameshaambiwa, kanuna lakini ameelewa.

Sasa mama akienda peke yake naona ndege ina maana zaidi. Ila anaogopa, anasema kwenye ndege hewa haitoki nje, mkikohoa mmoja mmekwisha wote. Kuna ukweli? Na je, akikutwa chanya kabla ya kuondoka na haumwi?

—

nesi_wa_zamu

Hewa ya ndege ikiwa angani hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na ile inayorudishwa inapita kwenye vichujio vinavyokamata asilimia 99.97 ya chembe ndogo. Ni bora kuliko basi, bora kuliko benki, bora kuliko ukumbi wa kitchen party. Tatizo liko chini: ndege ikiwa imesimama inapakia abiria, mfumo huo mara nyingine haujawashwa kikamilifu, na foleni za uwanjani ni bega kwa bega. Kwa hiyo barakoa asiivue kuanzia mlango wa uwanja hadi anapotoka nje Nairobi. Angani ni saa 1 na dakika 20 hivi, kinywaji wakileta aseme hapana, maji atakunywa nje. Apande mwishoni mwa foleni, aketi dirishani.

Ukijumlisha uwanja wa Dar saa 3, angani, na Jomo Kenyatta saa 1, ni kama saa 5 na nusu na watu, badala ya siku mbili na usiku mmoja wa gesti.

Chanya bila dalili: kama miezi miwili mitatu iliyopita alikuwa na "mafua makali" au kupoteza harufu, PCR inaweza kuendelea kuona mabaki ya kirusi hadi siku 90 hivi, ingawa hamwambukizi mtu. Lakini afisa wa mpakani haangalii hilo, kwake chanya ni chanya. Ndiyo maana mwenye historia hiyo asikate tiketi isiyobadilishwa tarehe. Kama hakuwa na historia hiyo, ichukulieni ni mpya: chumba chake peke yake, siku 10, na wote wa nyumbani mjiangalie. Kurudia kipimo kesho yake kituo kingine kutafuta hasi ni kupoteza pesa, na akipata hasi hiyo bado anaweza kuambukiza wenzake ndegeni.

—

mkaazi_wa_southb

Ndugu, hongereni kwa mtoto. Mimi niongeze ya upande huu wa Nairobi.

Akija kwa ndege, kafyu isiwatie wasiwasi. Msafiri mwenye tiketi na kipande cha kupandia ndege anaruhusiwa kupita usiku kwenda anakoenda, na anayempokea aonyeshe kwa polisi nakala ya hiyo tiketi. Asikitupe kile kipande baada ya kushuka, watu wanakiacha kwenye mfuko wa kiti. Lakini ndege ya asubuhi ni bora, hamna maswali kabisa. Kwa ndege pia wataulizia namba ya TT, ile ya mfumo wa Trusted Travel wa Africa CDC. Ni namba inayotolewa majibu ya PCR yakiingizwa humo. Fanyeni hilo siku majibu yanapotoka, msingoje kaunta.

Na msikate tiketi mbali sana. Hizi nchi zetu mbili zikinuniana, anayeumia ni abiria. Mwaka jana, 2020, Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawawekwi karantini, Tanzania nayo ikaizuia Kenya Airways kuanzia tarehe 1 Agosti, ikaisha tarehe 16 Septemba. Mwezi na nusu. Tiketi ya kubadilika tarehe hata kama ni ghali kidogo.

Kutoka uwanjani, binti yake atume teksi, madirisha mawili yafunguliwe, mama aketi nyuma upande wa pili wa dereva. Matatu tangu tarehe 9 Agosti zimerudi kubeba viti vyote, ile ya kubeba asilimia 60 ya abiria imekwisha.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyelisema: hatari si ya mama kuleta pekee. Huyo shemeji wenu anayeingia mjini kila siku kwa matatu ndiye anayeweza kumletea bi mkubwa. Ulizeni kama amechanjwa. AstraZeneca hapa dozi mbili, ya kwanza peke yake haitoshi mbele ya Delta. Na wageni wa kuona mtoto, hao ndio kabisa. Wiki ya kwanza mama akifika, hamna wageni.

Kurudi. Tanzania wanataka PCR ya saa 72, siyo 96, hapa wengi hujikwaa kwa kuwa wanakumbuka ile ya kuja. Maabara nyingi za Nairobi hutoa majibu ndani ya saa 24, na mhudumu akija nyumbani kuchukua sampuli mnalipa zaidi kidogo lakini mama hakai kwenye foleni ya wagonjwa. Kama anaondoka Jumatano asubuhi, sampuli Jumatatu asubuhi. Jumapili msijaribu.

—

mpakani_namanga

Nikazie hapo kwa mkaazi_wa_southb. Kurudi kuna vitu vitatu. PCR ya saa 72 hadi anapofika, fomu ya Afya Msafiri ambayo hujazwa ndani ya saa 24 kabla ya kuwasili, siyo wiki moja kabla, na kipimo cha haraka akifika, Tanzania Bara ni dola 10. Awe na noti ya dola 10 kamili, ya karibuni, isiyochanika. Kipimo cha haraka kikisema chanya anachukuliwa PCR na anakaa pembeni kusubiri, kwa hiyo asiwe na ahadi ya siku hiyo jioni.

Kuchanjwa hakumwondolei kipimo, kwenda wala kurudi. Kadi ya chanjo aibebe, lakini asiitegemee dawatini.

Akikutwa chanya Nairobi: asipande chochote, siku 10, apime tena. Hapa ndipo zile siku 14 za insulini za nesi zinapofanya kazi. Na jueni kadi yake ya bima ya afya ya NHIF ya Tanzania kule Kenya ni plastiki tu, jina ni lilelile lakini mifuko ni miwili tofauti. Kateni bima ya safari inayotaja Uviko kwa maandishi, na someni kipengele cha magonjwa ya kudumu kabla ya kulipa, kisukari mara nyingi kimeondolewa kwa herufi ndogo. Kama kimeondolewa, wekeni akiba ya hospitali pembeni, mkijua ni hospitali gani iliyo karibu na nyumba.

—

kijana_wa_tabata

Nimepata mwanga. Basi tunaelekea kwenye ndege ya asubuhi Ijumaa tarehe 24, kipimo Jumanne asubuhi, tiketi ya kubadilishwa. Sukari ikikataa tunasogeza Oktoba.

La mwisho: mama anauliza, hizo siku za kwanza akifika afanye nini? Anasema hawezi kwenda Nairobi kumtazama mtoto kwa dirishani. Na kumkanda mzazi je?

—

nesi_wa_zamu

Asikae dirishani. Kazi zipo nyingi zisizohitaji pua kwa pua na mtoto.

Siku 7 za kwanza alale chumba chake, dirisha wazi hata kidogo. Jikoni aingie: uji wa pilipili manga, mtori, supu, kufua nepi, hayo yote ni kulea na hayaambukizi. Kumkanda kwa maji ya moto kunawaweka karibu sana na kwa muda mrefu, kwa hiyo wote wawili wavae barakoa, mlango wazi, dakika 15 zitoshe, na mtoto awe chumba kingine. Dada yako akishindwa kupumua vizuri kwenye mvuke na barakoa, waahirishe kukanda hadi siku ya 8. Tumbo halitaharibika kwa wiki moja.

Kumshika mtoto, amshike, akiwa amenawa kwa sabuni sekunde 20, ana KN95, na uso wake pembeni, siyo juu ya uso wa mtoto. Kumbusu hapana. Mtoto asivishwe barakoa wala kufunikwa uso kwa khanga, atakosa hewa.

Siku ya 5, yaani Jumatano tarehe 29, apimwe kipimo cha haraka. Hasi na hana dalili, siku mbili zaidi, ndipo avue barakoa ndani. Kikiwa chanya, mama ajitenge na dada aendelee kunyonyesha kama kawaida, hata yeye mwenyewe akikutwa nacho anyonyeshe, avae barakoa na kunawa mikono kabla. Kuna wanaowaambia wazazi waache kunyonyesha, wasiwasikilize.

Na hiki andikeni kwenye karatasi mbandike ukutani pale Nairobi: mama akipumua zaidi ya mara 24 kwa dakika akiwa amekaa, au sukari ikipita 15 mara mbili mfululizo, au midomo ikibadilika rangi, anakwenda hospitali saa hiyo hiyo bila kupiga simu Dar kwanza. Mtoto akipata nyuzi 38, au akikataa kunyonya mara mbili zinazofuatana, hivyo hivyo. Namba ya teksi iandikwe chini yake, ya yule anayekubali kutoka usiku wa kafyu kumpeleka mgonjwa.

—

basi_la_asubuhi

Jumatatu yangu nimeifuta. Ila kwa wanaosoma na hawana hela ya ndege: shato ya saa 2 asubuhi kutoka Arusha kateni tiketi Jumatano, na waambieni mnataka siti ya nyuma ya dereva upande wa dirisha. Ile ya saa 8 mchana ikikwama mpakani saa mbili tu, mnaanza kukimbizana na kafyu pale Kitengela.